Miti ya bustani ikianza kuchipua: weka msumeno chini kwanza

Kila mwaka ni yale yale. Baridi ikikatika tu na jua likaanza kuuma kidogo, mtu anatoka nje mkasi mkononi na msumeno kwapani, hata hajauzunguka mti mara moja, anaanza kukata. Jioni kuna lundo la matawi, mgongo hauinamiki, na roho imetulia kwamba leo kazi imefanyika. Najua kwa sababu nilikuwa hivyo hivyo miaka mingi, na miti ilikuwa inanionyesha waziwazi kwamba haijapenda ila mimi nikawa naona ni ubishi wake tu.

Kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema ni hiki: mti unapochipua ndio wakati umefulia kuliko wakati wowote wa mwaka. Yaani yale majani machanga unayoyafurahia hayajaanza kupika chakula, yanatengenezwa kwa wanga ambao mti uliuweka kwenye mizizi na shina tangu mwaka jana, ni kama mtu aliyefika tarehe 20 mshahara bado, anakula akiba. Majani yakishakomaa, kijani kikakolea na ukiyashika unaona yamekuwa magumu kidogo, hapo ndio mshahara unaanza kuingia. Kwa hiyo kila jeraha unaloupa mti katikati ya hapo ni kama kumdai mtu ambaye mfukoni hana kitu. Mti mkubwa wenye afya utavumilia, mdogo au mgonjwa unaweza usivumilie. Ndio maana kazi nyingi za msimu huu ni za chini, kwenye udongo, na nyingine ni za macho tu. Msumeno una siku zake, nitafika huko.

Na kuhusu tarehe usinibane. Kwenye nchi za majira manne, upande wa kaskazini wa dunia machipuko ni kama Machi mpaka Mei na upande wa kusini ni Septemba mpaka Novemba, lakini mti hausomi kalenda, unasoma joto na mwanga. Wewe angalia vitumba kwenye ncha za matawi, vikiwa vimefunga kabisa mti bado umelala, vikivimba na kuchungulia kijani ujue umeamka. Mizizi mara nyingi inaanza kazi mapema zaidi, udongo ukishapita nyuzi 5 au 7 hivi za sentigredi, wakati huku juu huoni chochote.

Anza na miguu ya mti

Piga magoti. Sitanii, piga magoti pale shina linapoingia ardhini uangalie. Shina lililo sawa linapanuka likifika chini, kama mguu wa tembo, unaona kabisa mizizi mikubwa inavyoanza kutawanyika. Likiwa linaingia ardhini wima kama nguzo ya umeme, mti wako umefukiwa, ama ulipandwa kwa kina kirefu mno ama kuna mtu (mara nyingi ni wewe mwenyewe) ameurundikia udongo na takataka miaka na miaka. Gome la shina sio kama gome la mizizi, halikuumbwa kukaa kwenye unyevu muda wote, linakosa hewa linaoza taratibu, na mizizi nayo inapanda juu kutafuta hewa inaanza kulizunguka shina na kulikaba kama kamba.

Mimi niliua mti wa tufaha hivyo. Ulikuwa mdogo, miaka minne hivi, na nilikuwa nimesikia matandazo ni mazuri kwa miti, nikaleta vipande vya mbao nikaurundikia hadi ukawa umesimama katikati ya kichuguu, nikaona nimemaliza kila kitu. Mwaka wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu majani ya upande mmoja yakatoka madogo na ya njano, nikaongeza mbolea, haikusaidia, nikaongeza maji ndio nikaharibu zaidi. Siku nakuja kukitoa kile kichuguu nakuta gome limelowa linabanduka kwa kidole kama karatasi iliyoloweshwa, na lile lililobaki panya wamelitafuna manake niliwajengea nyumba ya joto kwa mikono yangu. Ndio ulikuwa mwisho wake.

Kwa hiyo kama shina limefukiwa, ondoa udongo taratibu kwa mkono au kwa kijiko cha bustani mpaka uone pale linapopanuka. Vijizizi vyembamba vinavyolizunguka shina vikate kwa mkasi, havina shida. Mzizi mnene kuliko kidole gumba unaokaba shina ni habari nyingine, usikurupuke kuukata wakati huu wa kuchipua, uache mpaka mti utulie, na kama mti ni mkubwa tafuta mtu anayejua hiyo kazi.

Ukiwa bado umepiga magoti cheki na majeraha. Ya panya na sungura wa baridi, na yale ya mashine ya kukatia nyasi ambayo kusema kweli yanaua miti midogo mingi tu, mtu anaigusa kidogo kila wiki anaona ni mkwaruzo. Chakula kinachotoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi kinapita ndani tu ya gome, sio katikati ya mti, kwa hiyo gome likitoka duara zima mizizi inakufa njaa hata kama juu bado ni kijani. Likitoka robo ya mzunguko au pungufu, mti wenye nguvu kwa kawaida unapona wenyewe, wewe safisha tu kingo zilizochanika kwa kisu kikali uache. Usiweke lami, usizibe kwa saruji, usifunge nailoni. Nyufa ndefu za wima zilizotokana na baridi nazo ziache. Na yale mabaka ya kijivu na kijani kama ukurutu juu ya gome hayali mti, yamekaa tu pale juu, usianze kuyakwangua kwa brashi ya chuma.

Kuliko kubahatisha, tumia ukucha

Tawi halijatoa majani na mengine yametoa, limekufa au limechelewa? Likwangue kwa ukucha kidogo tu. Chini ya ngozi ya juu ukikuta kijani kibichi chenye unyevu, liko hai, liache. Ukikuta kahawia kavu, sogea nyuma kidogo ukwangue tena, endelea hivyo mpaka ufike penye kijani, hapo ndio mpaka wa uhai na kifo na ndio utakapokuja kukata. Halafu kuna miti ambayo asili yake ni kuchelewa, mjozi na mforosadi kwa mfano, jirani zake wote wameshavaa majani yenyewe bado iko uchi, mtu anaikata akidhani imekufa. Subiri. Mti wa mforosadi umewaaibisha watu wengi.

Haya, sasa msumeno

Tawi lililokufa, lililovunjika au lenye ugonjwa ondoa wakati wowote, hilo halina mjadala. Mengine yote inategemea ni mti gani, na hapa ndio watu wanachanganya.

Matufaha na mapeasi yanapogolewa yakiwa bado yamelala, kabla vitumba havijavimba. Ukikuta umechelewa na kijani kimeshatoka, fanya usafi mdogo tu, kupogoa kwa nguvu weka mwakani, dunia haitaisha. Ila miti ya matunda ya kokwa moja ngumu, yaani plamu, cheri, aprikoti na jamaa zao, usiiguse kwenye baridi wala mwanzo wa machipuko wakati hali ya hewa ni ya unyevu unyevu, kwa sababu kuna ukungu unaosababisha ugonjwa wa majani ya fedha (majani yanakuwa na mng'ao wa kijivu kama madini) na vimelea vyake vinaingia kupitia majeraha mabichi, na kuna bakteria wa vidonda vya gome naye anapenda hali hiyo hiyo. Hiyo isubiri siku kavu za joto, majani yakiwa yamejaa.

Halafu kuna wale wanaolia. Betula, mepo, mjozi, na mzabibu pia ingawa sio mti. Ukiikata utomvu ukiwa unapanda itatiririka maji siku kadhaa bila kukoma na utapata presha bure. Kwa kawaida haifi, lakini ni akiba inamwagika, sasa kwa nini? Subiri majani yafunguke yote, presha ya utomvu ishuke, ndio ukate.

Na ile inayopandwa kwa ajili ya maua yake ya machipuko, magnolia, lilaki, cheri ya maua, vitumba vya maua viliwekwa tangu mwaka jana, kwa hiyo ukikata sasa unakata maua yenyewe. Acha ichanue, ukishashiba kuangalia na maua yakaanza kudondoka, hapo una wiki chache za kuipunguza kabla haijaanza kuandaa vitumba vya mwaka unaofuata. Michungwa na milimau haina habari nyingi, toa vilivyokauka na yale maotea (machipukizi yanayoota chini kwenye shina), na kama uko sehemu ya baridi subiri mpaka hatari ya jalidi, yaani baridi ya kugandisha, iishe manake chipukizi jipya linaungua haraka.

Kiasi gani? Usizidi robo ya matawi yenye majani kwa mwaka mmoja, na kwa mti mzee hata hiyo robo ni nyingi. Ukizidisha mti unaingiwa na hofu unarusha yale machipukizi marefu yaliyosimama wima kama fimbo, mamia, hayazai kitu, mwaka unaofuata unayakata yanakuja mara mbili. Ukiona mti umejaa fimbo za hivyo juu ujue kuna mtu alipitiliza.

Jinsi ya kukata ni muhimu kuliko mkasi wa bei mbaya. Angalia tawi linapoungana na shina, utaona kama kikola, kivimbe chenye mikunjo kinachozunguka shingo ya tawi. Kikola hicho ni mali ya shina, sio ya tawi, na ndani yake kuna kinga ya mti. Ukikata ukalisawazisha na shina mpaka likawa laini kama ukuta, umekata kinga. Ukiacha kisiki kirefu kama kitundikio cha makoti, kitaoza na kuoza kutaingia ndani. Kata nje kidogo tu ya kikola, basi. Na tawi zito usilikate mara moja, litavunjika katikati ya kazi na kuchana gome la shina mpaka chini. Kwanza sogea sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kata kutoka chini kwenda juu mpaka kama theluthi ya unene, halafu sogea mbele kidogo kata kutoka juu mpaka tawi lidondoke, mwisho rudi ukamalizie kile kipande kilichobaki pale kwenye kikola. Mikato mitatu.

Rangi ya kupaka kwenye kidonda usinunue. Aliyeliweka wazi jambo hili ni Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua miti kwa maelfu kuangalia ndani jinsi majeraha yanavyokuwa, na kuanzia miaka ya 1970 akawa anaeleza kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu, hautengenezi upya kilichoharibika, unachofanya ni kujenga kuta kukizunguka kile kilichooza kisisambae na kuendelea kukua kwa nje. Rangi haisaidii kujenga kuta hizo, na wakati mwingine inafungia unyevu ndani ukungu unastarehe.

Mkasi unoe, mkasi butu unatafuna haukati. Na ufute kwa spirit ya asilimia 70 unapotoka mti mmoja kwenda mwingine, hasa kama kuna ugonjwa. Kwenye matufaha na mapeasi kuna ule ugonjwa wa bakteria unaoitwa mnyauko moto, unaingia kwenye maua siku za joto na mvua, ncha ya tawi inajikunja kama bakora na majani yanakuwa meusi kama yamepitiwa na moto lakini hayadondoki. Ukiuona usikate pale peusi panapoishia, shuka sentimita 30 hivi chini zaidi kwenye sehemu inayoonekana nzima, siku kavu, futa mkasi kila mkato, na matawi yale usiyaweke kwenye mboji, yachome au yatoe kabisa bustanini.

Maotea nayo. Kama mti wako ni wa kubebeshwa, yaani kipande cha mti mmoja kimeunganishwa juu ya shina la mwingine, chochote kinachochipuka chini ya kile kivimbe cha kiungo sio mti wako, ni shina la chini linajaribu kurudi kwenye enzi yake, na lina nguvu kuliko yule uliyemnunua. Yakiwa bado machanga yashike uyanyofoe kwa kuyavuta kwa nguvu, sio kuyakata, ukikata macho yaliyopo chini yanatoa mawili kwa kila moja.

Ah kabla sijasahau, kabla ya kukata chochote angalia juu kama kuna kiota. Na chochote kinachohitaji ngazi pamoja na msumeno wa mashine, au kilicho karibu na nyaya za umeme, sio kazi yako wala yangu.

Matandazo ni pete sio kichuguu

Hapa ndio ningeweka nguvu zangu zote kama ningekuwa na siku moja tu ya kazi. Toa nyasi kuuzunguka mti, duara la angalau mita 1 kwa mti mdogo na zaidi kama una nafasi, kwa sababu nyasi zina mizizi juu juu pale pale mti mdogo unapotafutia maji na zinaushinda kila mara. Toa kwa mkono au kwangua juu juu, usichimbe kwa jembe, utakata mizizi. Subiri udongo uwe umeshika maji na umeanza kupata joto, kisha tandaza vipande vya mbao, majani yaliyooza nusu, au mboji ya kukwaruza kwaruza, unene wa sentimita 5 mpaka 10, na acha nafasi tupu ya sentimita 10 au 15 kuzunguka shina. Pete. Shina lipumue. Ukitandaza juu ya udongo mkavu umefunika ukame, mvua ndogo inaishia kwenye matandazo haifiki chini.

Watu wanaogopa kwamba vipande vibichi vya mbao vinakula naitrojeni ya mti. Vikichanganywa ndani ya udongo ni kweli vinakula, vikikaa juu vinagusa ule utando mwembamba wa juu tu, mizizi haina habari. Plastiki nyeusi chini ya matandazo hapana, inaziba hewa.

Mwanzo wa machipuko ni wakati pia wa kuzoa majani makavu ya mwaka jana chini ya mti wa tufaha uliokuwa na madoa meusi kwenye matunda, ukungu wa ukoko unalala humo humo kwenye majani na mvua za kwanza ndio zinaurusha juu kwenye majani mapya. Zoa kabla, sio baada.

Maji, na kwa nini mbolea inaweza kusubiri

Mti mkubwa uliokaa miaka mingi msimu huu mara nyingi hauhitaji maji yako kabisa. Anayekuhitaji ni yule wa miaka miwili mitatu ya kwanza, huyo usimwache, kwa sababu majani yanafunguka haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyalisha. Kama hakuna mvua mpe lita 20 mpaka 40 kwa wiki kutegemea ukubwa na udongo, taratibu, mpira wa maji uwe unadondosha au toboa ndoo tundu dogo chini uiweke pale ijimalizie yenyewe. Kumwagia kidogo kila siku jioni ukiwa unapiga stori kunalowesha juu tu na mizizi inabaki juu juu. Kujua kama maji yanahitajika chomeka kidole au kijiti sentimita 10 chini, pakiwa na ubaridi na unyevu acha, pakiwa pakavu mwagia. Mti wenye maji mengi mno unanyauka sawa sawa na wenye kiu, ndio maana nakwambia kidole.

Na usimwagie shinani. Mizizi ya mti mkubwa inaenda mbali, mara mbili au hata tatu ya upana wa matawi, na ile inayonyonya iko zaidi kwenye sentimita 30 za juu za udongo. Hakuna mzizi mmoja mrefu unaokunywa kisimani kama tulivyochorewa shuleni.

Mbolea: kwanza upime mti wenyewe. Chukua tawi la nje, anza nchani kurudi nyuma mpaka ukutane na kijipete cha mikunjo iliyobanana kwenye gome, hapo ndipo kitumba cha ncha kilipokuwa mwaka jana, kwa hiyo kutoka pete mpaka nchani ni urefu wa mwaka mmoja. Mti mdogo uliokua sentimita 30 na kuendelea hauhitaji mbolea yoyote, unakula vizuri. Mti mzima ukitoa hata 15 hivi uko sawa. Ukikuta ni sentimita 3 au 4 tu kila mwaka, hapo ndio uanze kuuliza, na swali la kwanza sio mbolea gani, ni je umefukiwa, una kiu, udongo umekanyagwa ukawa kama lami, nyasi zinaubana? Mara nyingi jibu liko humo. Ukishahakikisha siyo hayo, mboji au samadi iliyooza vizuri chini ya matandazo inatosha bustani nyingi, na mbolea ya chumvichumvi tumia ukiwa umepima udongo, kwenye udongo uliolowa tayari, kabla au wakati tu wa kuchipua. Ukizidisha naitrojeni unapata majani laini marefu ya kupendeza kwa picha, ambayo vidukari wanayasikia harufu toka mtaa wa tatu. Mti uliopandwa mwaka huu huu usiupe kitu na usiweke samadi ndani ya shimo, mizizi inastarehe humo haitoki nje.

Fupi kuhusu nguzo za kushikilia: fungua kamba zote uangalie, shina limenenepa tangu mwaka jana na kamba haijanenepa. Kamba iliyozama kwenye gome ni kitanzi. Mti uliokaa mwaka mmoja au miwili ushike uutikise, ukiona mizizi haichezi ndani ya udongo ng'oa nguzo, mti unahitaji kuyumba ili shina linenepe.

Usiku ule mmoja wa jalidi

Inauma hii. Maua yamejaa, nyuki wapo, halafu usiku mmoja mbingu iko wazi, hakuna upepo, asubuhi katikati ya kila ua pamekuwa peusi. Maua ya mtufaha yakiwa yamechanua yote, nyuzi 2 hivi chini ya sifuri zinakula ua moja kati ya kumi, na zikifika karibu 4 chini ya sifuri zinakula tisa. Tofauti ya nyuzi mbili tu, kwa hiyo hata kinga ndogo ina maana. Mti mdogo ufunike kwa shuka jepesi au kitambaa cha bustani jioni kabla jua halijazama, kishuke mpaka chini kikamate joto la ardhi, asubuhi kitoe nyuki wafanye kazi. Mchana wake mwagilia udongo kama ni mkavu, udongo wenye maji unatunza joto la jua na kulitoa usiku, na udongo mtupu ulioloa unatoa joto zaidi kuliko wenye matandazo mazito au nyasi ndefu. Plastiki ikigusa maua yataungua pale pale ilipogusa. Mti mkubwa hauna la kuufanyia nyumbani, omba mawingu.

Wadudu, na kutulia

Majani machanga yakianza kujikunja, yageuze. Vidukari wamepanga foleni chini. Kabla hujakimbilia dawa, angalia kama kuna sisimizi wadogo wanapanda na kushuka shinani, manake sisimizi wanawafuga kabisa vidukari, wanakunywa ule utamu wao na wanafukuza wadudu wanaowala. Kata mguu wa sisimizi kwa kufunga mkanda wa karatasi shinani na kupaka grisi yenye kunata juu ya mkanda (sio moja kwa moja kwenye gome), hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta au uzio kama daraja, halafu washushe vidukari kwa maji ya mpira yenye presha. Rudia baada ya siku mbili tatu. Ikishindikana, sabuni laini ya maji, mililita 10 mpaka 20 kwa lita moja, sio ya unga ya kufulia, pulizia jioni chini ya majani, na jaribu kwanza kwenye majani machache uone kama hayaungui.

Mara nyingi ukisubiri wiki mbili, wale wadudu wa mviringo wekundu wenye madoa meusi wanafika pamoja na watoto wao weusi wanaofanana na vimamba vidogo, na wanamaliza kazi bila wewe. Watu wanawaua watoto wale wakidhani ndio wabaya. Waache.

Mafuta ya kuua mayai ya wadudu na wadudu gamba yanapuliziwa mti ukiwa umelala mpaka vitumba vinapovimba, yakishatoka majani umeshachelewa, hivyo hivyo dawa ya shaba kwa ugonjwa wa majani ya mpichi kukunjamana na kuvimba mekundu, hiyo inawekwa kabla vitumba havijafunguka, ukishayaona yamekunjamana yatoe tu na usubiri mwakani. Na maua yakiwa wazi usipulizie kitu chochote cha kuua wadudu, hata kile ulichoambiwa ni cha asili. Unawaua nyuki, halafu utauliza mbona mti hauzai.

Baada ya hapo maua yatadondoka na vitunda vitaonekana, na mti wenyewe utatupa vingi wiki chache baadaye, usishtuke. Vikishafika ukubwa wa gololi na mti umemaliza kutupa, kwenye tufaha pita na mkasi mdogo uache kimoja kwa kila kishada, kile kikubwa kisicho na kovu, na kati ya kimoja na kingine pawe na sentimita 10 mpaka 15. Mkono utatetemeka mwaka wa kwanza, unaona kama unatupa mali. Mwaka wa kwanza nilikata nusu nikashindwa kuendelea, na ile nusu niliyoionea huruma ndio ilivunja tawi.